Kumbukumbu ya mradi: konokono wakubwa Kigoma, kupandana kwao na namna wanavyoelewana

Maboksi kabla ya mvua

Wanaofugwa ni Lissachatina fulica, konokono mkubwa mwenye asili ya Afrika Mashariki. Boksi ni la plastiki, lile la kuhifadhia nguo, urefu wa sentimita 60, nalo hubeba wakubwa wanne. Ukizidisha, ute hujaa kutani, chakula huchafuka upesi na wanyama hukaa wamejikunja badala ya kutembea. Meza imesimama kwenye makopo ya maji yenye oili chafu juu yake, maana siafu wakipata njia usiku mmoja unatosha kumaliza boksi zima.

Udongo ni mweusi wa chini ya miti, usiotoka shamba lililowekwa mbolea ya chumvichumvi au dawa. Mwagia maji yanayochemka, acha upoe, kisha jaza kina cha sentimita 12. Ukiufumbata ushikane bila kutoa maji. Wakikuta udongo wa sentimita 4 au 5 hutaga juu juu, na mayai hukauka.

Madini ya gamba ndiyo yanayosumbua watu wa bara. Vitabu vya ufugaji husema mfupa wa ngisi, lakini ziwa letu halina ngisi. Ni mpaka uagize Pwani. Maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa yanatosha, au chokaa ya mifugo ya duka la pembejeo. Chokaa ya kupaka nyumba usiiguse kabisa: inaunguza mguu wa konokono. Kijiko kimoja cha dagaa waliosagwa kwa wiki huwapa protini, ila wawe dagaa wa kuanikwa tu, kama wa mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma. Waliotiwa chumvi wanaua. Mengine ni mchicha, matembele, papai, boga na tango, yote yaoshwe.

Mvua za kwanza: nani yuko tayari

Konokono hawa kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike. Hata hivyo havikomai pamoja: mbegu za kiume hutangulia, mayai hufuata baadaye. Usipime ukomavu kwa urefu wa gamba peke yake. Tazama mdomo wa gamba. Ukiwa mwembamba na unakatika kwa kucha, bado anakua. Ukishakuwa mnene na mviringo, mwili umeacha kukimbilia ukubwa na ana uwezo wa kutaga. Kwa chakula kizuri hali hiyo hufika kuanzia miezi mitano au sita.

Kwa hiyo wanaowekwa pamoja wawe wa kimo kimoja. Mdogo akiwekwa na mkubwa anaweza kutoa mbegu, ila akilazimika kubeba mayai mapema, madini yanayopaswa kwenda kwenye gamba lake huishia kwenye maganda ya mayai. Matokeo ni gamba jembamba lenye mistari ya kusimama ukuaji.

Wanavyotafutana

Hawasikii sauti, na macho yaliyo kwenye ncha za pembe mbili ndefu hutofautisha mwanga na giza, si zaidi sana. Wanachotegemea ni harufu, mguso na ute. Pembe ndefu hunusa hewa. Zile fupi za chini hugusa ardhi na kuonja. Konokono aliyekomaa akikuta njia ya ute ya mwenzake wa jamii moja huifuata, pembe za chini zikigonga gonga kila hatua.

Hapa ndipo wafugaji wasafi mno wanapojiharibia. Wanasugua kuta zote kila asubuhi, halafu wanalalamika kwamba konokono hawapandani. Ondoa kinyesi na mabaki ya chakula kila siku, lakini kuta futa nusu yake wiki hii, na nusu nyingine wiki ijayo, njia za ute zisipotee zote. Sabuni isiingie ndani ya boksi, hata kidogo.

Saa za shughuli ni baada ya giza, hasa mvua ikiwa imenyesha. Kupulizia maji jioni na kuliacha joto libaki kati ya nyuzi 25 na 28 huleta hali hiyohiyo bila mvua. Tumia taa hafifu, isiyowamulika moja kwa moja.

Kupandana kwenyewe

Mmoja hupanda gamba la mwenzake kwa nyuma na kufuata mzunguko wake hadi shingoni. Akifika hupapasa kwa pembe, husugua kwa mdomo na mara nyingine huuma kidogo. Aliyepandwa akikubali hugeuza kichwa nyuma, vichwa hukutana, na mwili wake huyumba taratibu. Akikataa hujivuta ndani, au hutikisa gamba hadi wa juu aanguke. Majaribio mengi hufia hapo, na si dalili ya ugonjwa.

Wakikubaliana, kiungo cheupe hutoka upande wa kulia wa kichwa, nyuma ya pembe, na kila mmoja humwingizia mwenzake. Hubaki hivyo kwa saa kadhaa, mara nyingi 6 hadi 8. Usiwatenganishe, usihamishe boksi, usimwage maji baridi. Ukivuta, kiungo huchanika au hushindwa kurudi ndani. Kikibaki nje baada ya wao kuachana, mweke peke yake juu ya karatasi laini yenye unyevu, udongo usikiguse, na umwache.

Mtandaoni kuna habari za mshale wa chokaa ambao konokono humchoma mwenzake. Ni kweli kwa konokono wa bustani wa Ulaya, Cornu aspersum. Hawa wetu hawana mshale. Kutoka kwa konokono huyohuyo wa Ulaya tunajua pia kwa nini upande wa gamba una maana: mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, kilitangaza kumtafutia mwenza konokono aliyeitwa Jeremy, ambaye gamba lake lilijizungusha kushoto, kwa sababu viungo vyake vilikuwa upande usiolingana na wa wengine.

Msichanganye kuuma kwa uchumba na kula gamba. Uchumba huwa shingoni, na aliyeumwa hujibu. Anayekwangua ncha ya gamba la mwenzake, huku mwenzake ametulia tu, ana njaa ya madini. Ongeza ganda la yai siku hiyohiyo. Alama nyeupe zenye vishimo kwenye ncha ndizo ushahidi.

Mayai

Hutagwa kuanzia siku 8 hadi 20 baada ya kupandana, ndani ya udongo. Ni meupe au ya njano hafifu, kipenyo cha milimita 5 hivi, na tundu moja huwa na 100 hadi 400. Kumtenga hakuzuii utagaji, maana huhifadhi mbegu kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Aliyenunuliwa akiwa mkubwa anaweza kutaga bila kumwona mwenzake.

Chimbua kwa vidole kila wiki, hasa pembeni na chini kabisa. Yanayobakizwa kulelewa ni 20 tu. Mengine yote hugandishwa kwenye friji saa 48, yasagwe na kurudishwa kama madini. Kutupa jalalani au shambani hapana. Mwaka 1966 konokono watatu wa aina hii waliingizwa Florida, Marekani, wakaachiwa bustanini. Hadi wanamalizwa mwaka 1975 walikuwa wameokotwa zaidi ya 18,000, kwa gharama iliyopita dola milioni moja.

Vitoto wakianguliwa huanza kwa kula maganda yao, hata mayai ya ndugu waliochelewa. Wape unga wa ganda la yai tangu siku ya kwanza.

Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kuwashika, na watoto wasiwaweke mdomoni: ute wao unaweza kubeba minyoo wa mapafu ya panya, ambao kwa binadamu hushambulia ubongo.

Kiangazi

Kuanzia Mei hewa inakauka na kupandana hupungua. Boksi likikauka, konokono huziba mdomo wa gamba kwa utando mkavu na kulala. Usimng'oe utando. Mpulizie maji ya uvuguvugu jioni, weka kipande cha tango karibu, aufungue mwenyewe. Akishaamka mpe ganda la yai na dagaa kwanza, na usimrudishe kwa wenzake mpaka ukingo wa gamba uonyeshe ukuaji mpya au uwe mgumu kama awali.