Watani wa Jadi wa Omaha na Des Moines

Nimerejea nyumbani jioni hii nikiwa na sauti ya kukwaruza, kwa kuwa shemeji yangu alikuja kutoka Omaha na tumebishana tangu asubuhi kuhusu mji upi ni bora hapa Marekani, Omaha yao au Des Moines yetu.

Kati yetu kuna mwendo wa saa mbili tu kwa gari katika barabara kuu namba 80, lakini utani wetu ni kama wa Simba na Yanga. Yeye hujivunia bustani yao ya wanyama na fainali za besiboli za vyuo vikuu, ambazo Omaha imeziandaa tangu 1950. Mimi humwonyesha kuba la dhahabu la makao makuu ya jimbo letu la Iowa, naye hunikumbusha kwamba kwa idadi ya watu wametuzidi zaidi ya maradufu. (Hilo, kwa masikitiko, ni kweli.)

Leo nilimpeleka kwenye maonyesho ya jimbo, kumwona ng'ombe wa siagi, yaani sanamu ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa siagi.

Ng'ombe mzima, wa ukubwa halisi, amesimama nyuma ya kioo katika chumba cha baridi, hata mishipa ya kiwele inaonekana.

Shemeji alinyamaza. Alisogea hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa mkono wa shati, akatazama tena.

Kisha akasema, "Mzuri, shemeji, lakini maziwa hatoi."

Ndugu zangu wa Des Moines, nilikosa jibu. Nisaidieni kabla hajaondoka kesho.