Jinsi nilivyoendelea na yoga baada ya kujifungua

Kabla ya kujifungua nilikuwa nimezoea kufanya yoga alfajiri, kwa muda mrefu na bila kukatizwa, na kadiri tumbo lilivyokua ndivyo nilivyozidi kujiuliza kama jambo hilo ningeweza kuliendeleza nikiwa na mtoto mchanga. Nimeliendeleza, ingawa kwa mpangilio mwingine kabisa: sasa mazoezi yangu yanafuata ratiba ya mtoto, yanafanyika vipande vipande, na kila kipande kinaanza na pumzi.

Majuma ya mwanzo sikugusa mkeka. Kwa kawaida mama aliyejifungua hushauriwa asubiri takriban wiki 6, hadi afanyiwe uchunguzi wa baada ya kujifungua, ndipo arudie mazoezi yenye uzito, na aliyefanyiwa upasuaji husubiri zaidi, kwa kuwa kidonda kilichofunga kwa nje huwa bado kinaendelea kupona ndani. Mkunga wangu aliniruhusu kupumua tu, na kupumua huko kulinifaa kuliko nilivyotarajia. Nilipolala ubavu nikimnyonyesha mtoto, nilivuta hewa taratibu mpaka mbavu zipanuke, kisha nikaitoa huku nikiibana na kuiinua kidogo misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobeba kibofu na mfuko wa uzazi, kana kwamba nazuia mkojo. Baada ya hapo niliilegeza kabisa. Kulegeza kuna umuhimu sawa na kubana, na naona wengi wetu tunakusahau.

Jambo la pili lilikuwa tumbo. Wakati wa ujauzito misuli miwili ya mbele ya tumbo huachana katikati, na kwa baadhi ya wanawake pengo hilo hubaki kwa miezi mingi. Nilijipima hivi: nililala chali, nikakunja magoti, nikaweka ncha za vidole juu kidogo ya kitovu, kisha nikainua kichwa taratibu. Pengo lilizidi upana wa vidole viwili, na katikati ya tumbo palijitokeza tuta laini. Kwa hiyo niliweka kando mikao yote ya kuinuka kutoka chali, ya kujipinda sana na ya kuinamia nyuma, nikabaki na ile ambayo tuta hilo halikutokea. Vilevile sikuvuta viungo hadi mwisho wa uwezo wake, kwani homoni za ujauzito hulegeza kano, na ulegevu huo haukomi siku ya kujifungua. Mama anaweza kujiona mwepesi kuliko zamani, kumbe viungo vyake havijakaza.

Mtoto alipoanza kukaa macho kwa muda mrefu zaidi, nilimshirikisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza kwamba mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi, akiwa macho, kwa jumla ya dakika 30 au zaidi kwa siku. Nilimlaza kwenye mkeka, nami nikapiga magoti na kuegemea vigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, mbele yake, nyuso zetu zikitazamana. Yeye alijitahidi kuinua kichwa, mimi nikaukunja na kuunyoosha mgongo katika mkao wa paka na ng'ombe. Niliegemea vigasha kwa sababu viganja vilikuwa vinaniuma kwa kumbeba kutwa. Siku zote nilimnyonyesha kwanza, kwa faida yake na yangu, maana kulala kifudifudi na matiti yaliyojaa ni adha, kisha nikasubiri kidogo ili maziwa yatulie tumboni mwake.

Kama ningelazimika kubakiza zoezi moja tu, ningechagua la kufungua kifua. Kunyonyesha huvuta mabega mbele na kuinamisha shingo saa nyingi kila siku, na maumivu kati ya mabega yalinikosesha usingizi hata mtoto alipolala. Nilikunja taulo kwa urefu, nikalilalia likiwa chini ya uti wa mgongo, mikono nimeitandaza pembeni, nikapumua hapo hadi mabega yalegee yenyewe.

Mafundisho ya kale ya yoga yanataka mkao uwe thabiti na wenye raha, na kwa mama wa mtoto mdogo naliona hilo kuwa kipimo bora kuliko idadi ya mikao. Mtoto anapolia ninauacha mkao palepale, na siku ambayo usiku ulikuwa mzito, akilala mchana nami nalala.

Sasa anatembea, na mikao ya kusimama ameipenda kuliko mimi. Ninaposimama kwa mguu mmoja, hung'ang'ania ule uliobaki chini, hivyo hufanya zoezi hilo nikiwa karibu na ukuta, mkono mmoja umeugusa. Mkao wa kusimama kwa kichwa nauacha mpaka baba yake awepo, amchukue chumba kingine.