Punje ya rubi inayosoma presha

Jana tulipanda kreta ya Menengai na binamu yangu, mvuke unatoka kule chini, akaniuliza kwani wewe huko masomoni ulikuwa unapima nini miaka hiyo yote, na nilipoanza kueleza nikashindwa kuacha, kwa hivyo wacha niandike.

Nilikuwa napima presha ndani ya kifaa kinachobana vitu kwa nguvu mno, na kifaa chenyewe kinaenea kiganjani. Almasi mbili, ncha zimekatwa zikawa bapa, zinaangaliana, katikati kuna gaskiti ya chuma yenye katundu kadogo kama ncha ya sindano. Humo unaweka sampuli, kimiminika kidogo (alkoholi mbili, methanoli na ethanoli, 4 kwa 1) na punje ya rubi, lile jito jekundu. Unakaza skrubu robo robo, unangoja. Almasi inapitisha mwanga, so unapiga leza ya kijani kutoka nje na ile punje inawaka nyekundu, ile ya makaa ukiyapuliza usiku. Mimi sijawahi kuizoea.

Presha inasomwaje sasa, na huwezi kuingiza geji humo? Mwaka 1972 watafiti Marekani walionyesha kwamba mwanga wa rubi, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanometa 694, unahama presha ikipanda, kama nanometa 0.36 kwa kila gigapaskali 1. Hiyo moja ni karibu atmosfia 10,000, na tairi ya gari ndogo ni kama 2 tu. Spektromita, kifaa cha kuchambua mwanga, inakuonyesha umehama kiasi gani, unapiga hesabu.

Shida ni joto. Siku moja nilipasha kifaa kutoka digrii 25 hadi 75, mwanga ukahama karibu nanometa 0.35 nikaandika presha imepanda gigapaskali nzima, kumbe ni joto peke yake, hata skrubu sikuwa nimegusa! Kazi ya wiki nikarudia. Tena kwenye spektromita mwanga wa rubi unaonekana kama mistari miwili, na joto likizidi inanenepa mpaka inamezana, kilele hukioni vizuri. Tangu hapo nilifunga waya wa kupima joto karibu kabisa na almasi, na kando ya rubi nikaweka punje ya borati yenye samariamu, kemikali nyingine inayowaka, ambayo mwanga wake presha inausogeza lakini joto karibu haliusumbui.

Binamu akauliza kama rubi za Taita Taveta zingefaa. Zingewaka, kinachowaka ni kromiamu, metali iliyo ndani kidogo kidogo, ila maabara wanapendelea ya kutengenezwa kwa vile kiasi cha kromiamu kinajulikana.