Kiuno cha sindimba kwa mistari mitano, kimekubali!!

Wiki ya sita nahangaika kuchora kiuno cha hii ngoma ya Wamakonde, kiuno tu, kiuno, juzi saa nane usiku kimekaa.

Mnaonifuatilia mnajua nilianzia kwa mchoraji Kandinsky, ile kazi yake ya 1926 alipochukua picha nne za mcheza dansi Gret Palucca akicheza, zilizopigwa na Charlotte Rudolph, akazigeuza mistari mitupu. Nilizinakili zote nne hadi mkono ukazoea, nikajiona fundi. Nikafungua video ya binamu yangu akicheza sindimba kwenye harusi Mtwara, nikaisimamisha, nikachora. Kikatoka kitu kama henga ya nguo.

Tatizo ni hili, Palucca kwenye ile picha anaporuka kajitanua hewani, mikono na miguu inakuonyesha yenyewe mstari upite wapi. Sindimba juu kumetulia, mabega hata hayana habari, shughuli yote iko kiunoni na kiuno kinazunguka, sasa ukikisimamisha kitu kinachozunguka unabaki na mtu kasimama tu. Nikajaribu duara, ikawa tairi. Nane iliyolala, ikawa miwani. Mistari kumi imepandana, shemeji kapita kauliza "huyu anatetemeka baridi?" Nikafunga daftari siku tatu.

Kilichoniokoa ni fundo la kanga. Niliacha kuangalia mwili kabisa, nikafuata lile fundo la nyongani fremu kwa fremu, kila fremu nukta, kuziunganisha nikapata mkunjo unaobana kushoto na kuachia kulia (kumbe binamu anaegemea mguu mmoja, mwenyewe hakuwahi kujua). Huo ndio mstari mnene. Miguu miwili mifupi imenyooka, mgongo, na mlalo mmoja wa mabega. Mitano. Kichwa nimekitoa, hakikuwa na kazi.

Halafu kalamu jamani. Makapeni unene uleule mwanzo mwisho, mstari unakufa. Tableti inaninyooshea mkono bila kuombwa, nimeizima. Kalamu ya mwanzi niliyochonga kwa wembe ndiyo inanenepa ukikandamiza, ila kwenye karatasi ya fotokopi wino unasambaa balaa, nimehamia manila.

Zile picha 12 za mistari nilizowaahidi huko nyuma sijui kama zitakuja. Asubuhi fundi nondo hapa jirani kanipa kipande cha baindingi waya, nikaukunja ule mstari wa fundo, nikauning'iniza kwa uzi, feni ikaupiga. Unazunguka wenyewe! Naenda kumwomba mita mbili zingine kabla hajafunga kazi.