Kumaliza sentensi: kumbukumbu ya mradi wangu wa kusema kikaoni

Mradi huu umetokana na robota 40 za mkonge.

Mimi ni mtunza stoo hapa Tanga mjini, mwaka wa 12 sasa. Kila siku saa mbili kasoro robo asubuhi tunasimama kikao kifupi mlangoni mwa ghala: msimamizi, madereva, wapakiaji, na mimi na daftari langu. Siku hiyo kulikuwa na mzigo wa kutoka wa 3L, mojawapo ya madaraja ya mkonge. Mimi nilijua kuwa safu ya kushoto, ile iliyo karibu na mlango, ni UG, daraja la chini kuliko 3L, kwa sababu niliisimamia mwenyewe ikipangwa. Nikasema. Nina hakika nilisema. Msimamizi hakusikia, dereva wa folklifti hakusikia, na mwenzangu aliyesimama hatua mbili kutoka kwangu aliniambia baadaye, "Dada, niliona midomo tu inacheza."

Gari likapakiwa zile za UG, likaondoka, likarudishwa. Robota moja ni kilo 250, kwa hiyo 40 ni tani 10 za kushusha na kupakia upya, watu walewale, jua lilelile. Hakuna aliyenilaumu, maana hakuna aliyejua kuwa nilikuwa nimesema. Hilo liliniuma kuliko lawama.

Nina miaka 43. Nyumbani nikiita, mtoto anasikia akiwa uwanjani. Kwa hiyo sauti ninayo. Nilitaka kujua inaenda wapi nikifika mlangoni mwa ghala.

Wiki ya 1

Nilisoma taarifa ya stoo kwa sauti chumbani, nikajirekodi kwa simu. Mara ya kwanza kusikiliza nilitamani kufuta. Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mtu mwingine. Kumbe ni hivyo kwa kila mtu: tunapoongea, sauti yetu tunaisikia kwa hewa na pia kwa mifupa ya kichwa, na mifupa ndiyo inayoipa uzito. Simu inachukua ile ya hewa peke yake, ambayo ndiyo wenzetu wanaisikia siku zote. Nilipolijua hilo nikatulia, nikasikiliza tena, na mara ya tatu ndipo nilipoona tatizo.

Sentensi zangu zinaanza vizuri na kufia mwishoni. "Robota za UG ziko safu ya ku..." Kushoto au kulia? Haisikiki. Na ukitazama, katika Kiswahili habari yenyewe mara nyingi inakaa mwisho. Tunasema robota arobaini, mzigo mzima, gari bovu: kwanza kitu, kisha idadi yake au hali yake. Anayemeza mwisho wa sentensi anameza hesabu. Na mimi kazi yangu yote ni hesabu.

Wiki ya 2 na ya 3

Nilikwenda kwa Ami, Ngamiani. Ami amestaafu, ila akighani shairi harusini hahitaji maikrofoni. Wazee wa rika lake hapa Tanga wana mashairi kichwani kama wengine walivyo na namba za simu. Si ajabu, Shaaban Robert alizaliwa huku huku, Vibambani, mwaka 1909, na kwa miaka mingi alikuwa karani wa forodha, mtu wa madaftari kama mimi.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba, mwanangu. Haya, soma hiyo taarifa yako."

Nikasoma. Alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi, hakukinywa mpaka nilipomaliza.

"Za UG ngapi?"

"Nimesema, Ami. Arobaini na mbili."

"Hukusema. Umenipa arobaini, mbili umeondoka nayo."

Hakunipa nasaha yoyote ya kujiamini. Alinitungia mshororo mmoja, palepale barazani, wa mizani 16:

Mkonge una miiba, ndani singa za thamani.

Mizani nane, pumzi, mizani nane. Kazi yangu ilikuwa kuughani mshororo huo huku mkono mmoja uko tumboni, chini ya mbavu. Pumzi ikiingia, tumbo lisukume mkono. Mabega yakipanda, naanza upya. Na silabi ya mwisho, lile "ni" la thamani, ifike na nguvu ileile ya "m" ya mkonge. Alinirudisha mara nyingi sana kwenye hilo "ni". "Usiliache njiani," alikuwa akisema. "Lifikishe."

Nilikuja kuelewa kwa nini inafanya kazi. Sauti inatoka na pumzi inayotoka. Mtu akiogopa, moyo unakwenda mbio na pumzi inakuwa fupi, inakaa juu kifuani. Anaanza sentensi na pumzi kidogo, na inamwishia kabla ya maneno kwisha. Kwa miaka yote hiyo nilijiona mwoga. Woga upo, sikatai, lakini kilichokuwa kikipoteza zile robota ni pumzi, na pumzi inafundishika.

Wiki ya 4

Niliendelea na mshororo tu, asubuhi na jioni. Nilipita pia Raskazone wakati wa magharibi, pana upepo wa baharini, ukinong'ona hujisikii mwenyewe.

Wiki ya 5

Tumekuwa watatu: mimi, yule mwenzangu wa "midomo inacheza", na mama wa mapokezi. Jumamosi baada ya kazi tunakaa saa moja. Utaratibu tumeuazima kwa Toastmasters, chama kilichoanzishwa mwaka 1924 na Ralph Smedley katika mji wa Santa Ana, California, huko Marekani, ili watu wa kawaida wafanye mazoezi ya kusema mbele ya wenzao. Mmoja anapewa mada papo hapo na kuongea dakika moja hadi mbili bila kujiandaa. Wa pili anashika saa. Wa tatu anahesabu maneno ya kujazia, wanakotumia Kiingereza ni "aa", kwetu ni "yaani" na "nanihii".

Tunahesabia kunde. Kila "yaani" ikitoka, punje moja inadondoshwa kwenye bakuli la bati. Mlio wake ni mdogo ila unaingia mwilini. Siku ya kwanza mada yangu ilikuwa njia ninayopita kwenda kazini, kitu ninachokijua kuliko chochote, na bakuli lilikuwa na kunde 19. Mama wa mapokezi alipata 6. Nilipomuuliza anafanyaje, alisema yeye akikosa neno ananyamaza mpaka lije. Nikajaribu. Ule ukimya mimi niliuona mrefu mno, lakini wao walisema hawakuuona kabisa.

Kanuni moja tuliongeza wenyewe, na naithamini kuliko zote: haruhusiwi mtu kusema "umeongea vizuri". Lazima useme ulisikia nini. "Nimesikia kuwa unapita Chumbageni na barabara ina mashimo mawili." Kama hukusikia, sema hukusikia.

Wiki ya 6

Mbaya. Walikuja wageni wanunuzi, kikao kikageuka Kiingereza, mabega yakapanda hadi masikioni. Nilisema sentensi moja, na mwisho wake hata mimi sikuusikia. Nimeandika hapa ili rekodi iwe kamili.

Wiki ya 8

Mambo mawili nimeyabadilisha kazini, na hayahusu sauti. La kwanza, nimeacha kusimama nyuma karibu na mlango, ambako barabara inakula kila neno. Sasa nasimama upande wa msimamizi, ukuta uko nyuma yangu. La pili, nasema kabla mashine ya kupiga mkonge brashi haijawashwa. Ikishawaka, hata Ami asingesikika.

Jumatano kulikuwa na mzigo tena. Niliweka mkono tumboni, nyuma ya daftari, hakuna aliyeona. Nikavuta pumzi.

"Msimamizi, samahani, kabla hatujapakia. Safu ya kushoto ni UG, robota thelathini na sita. Za 3L ziko kulia."

Dereva wa folklifti alikuwa ameshapanda kwenye kiti chake. Akageuka. "UG thelathini na sita, kushoto," akasema, akaelekea kulia.

Bado sijui la kufanya msimamizi anaponikatiza katikati. Mara mbili wiki hii nimeiachia sentensi palepale alipoikata. Jumamosi tutalifanyia zoezi hilo: mmoja anaongea, mwingine kazi yake ni kumkatiza, na bakuli la kunde lipo. Ami ameahidi mshororo wa pili, ila kwanza anataka nimghanie ule wa kwanza kwa simu, nikiwa ghalani, mashine ikiwa imewashwa.