Makofi Mawili Chini ya Mkorosho

Nilimwambia polisi uongo. Nilikuwa darasa la sita, na kijiji kizima kilikuwa kimeshasema kwamba ndege iliwaka moto ikiwa angani.

Ulikuwa msimu wa korosho, tuko shambani kwa mjomba, nje kidogo ya mji wa Nachingwea. Kwetu ndege si kitu cha kukimbilia. Uwanja upo tangu enzi za ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, na wazee wanakumbuka pilikapilika za miaka ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji. Kwa hiyo niliposikia muungurumo sikuinua hata kichwa. Nilikuwa nimeinama natenganisha korosho na mabibo. Injini ikakohoa mara tatu, ikanyamaza. Ukapita mluzi wa upepo juu ya miti. Kisha kishindo, nikakisikia kwenye nyayo.

Tulipofika moto ulikuwa umeshashika na hapakukaribika. Rubani alikuwa peke yake. Hapo nitaishia, marehemu ana ndugu zake.

Jioni polisi akaniuliza nimeona nini. Nikasema niliona moto ukitoka kwenye injini, ndege ikiwa bado juu. Akaandika. Nilipolala usiku ule niliuona moto wenyewe, rangi yake na moshi wake. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo: maneno ya watu yalikuwa yameshageuka macho yangu.

Kesho yake wakaja wachunguzi wawili kutoka Dar es Salaam, nao kwa ndege ndogo. Ilipopita juu yetu watu wote walinyamaza, mama akanishika mkono mpaka ikatua. Jambo la kwanza walitaka kila kilichookotwa kirudishwe. Mjomba alikuwa na kipande cha bati la bawa chini ya kitanda, alitaka kumpelekea fundi wa masufuria. Akakipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, kimefungwa ndani ya kanga ya shangazi.

Vindege vya namna ile kwa kawaida havina kisanduku cheusi. Wanaobaki kusema ni vyuma na watu, na mmoja wa hao watu nilikuwa mimi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone."

Mchunguzi yule, mtu mzima mwenye mvi, akanionyesha pangaboi. Panga moja lilikuwa limekunjwa kwenda nyuma, la pili limenyooka kama jipya. Injini ingekuwa inavuta kwa nguvu, akasema, yote mawili yangejipinda. Akanionyesha masizi kwenye bodi: yalikuwa yamepanda juu, kama ya sufuria jikoni. Moto wa angani husukumwa na upepo, masizi yake hulala kuelekea mkiani. Mwisho akanipeleka kwenye mkorosho uliokatwa na bawa. Jeraha la tawi lilikuwa bado linatoa utomvu. Akachuma jani moja, akaliweka kiganjani mwangu. Lilikuwa bichi, halina hata doa la moshi.

"Uliona, au uliwasikia wenzako wakisema?"

Nikaanza kulia. Hakunikemea. Akaniambia nisimame palepale nilipokuwa nimeinama siku ile, nitazame juu. Nilitazama. Majani matupu, na vipande vya mbingu vya ukubwa wa sarafu.

"Basi niambie ulichosikia."

Nikamwambia: kukohoa mara tatu, kimya, mluzi, kishindo. Akavua saa yake. Nipige kofi pale injini iliponyamaza, nipige la pili pale penye kishindo. Tulirudia mara nne. Mara tatu ilikuwa sekunde 11, mara moja 12. Mwenzake alikuwa kwenye lile bawa lililochomoka na kuanguka mbali na moto, anakinga mafuta yaliyobaki. Ndani ya chupa mafuta yalikuwa na rangi ya buluu, na chini yake yametulia maji, yamejitenga. Wakaifunga, wakaiandika, wakaondoka nayo.

Ukubwani nilikuja kujua kwamba Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinataka hivyohivyo: uchunguzi uwe wa kuzuia ajali nyingine, usiwe wa kumtafutia mtu hatia. Siku ile nilichojua ni kwamba mzee yule alifuta maneno yangu ya uongo bila kunifuta mimi.

Baada ya arobaini akaja kaka wa marehemu. Alikaa barazani kwa mjomba, hakugusa chai.

"Mdogo wangu, mama yetu halali. Ameambiwa mwanawe alikuwa anaungua hukohuko hewani."

Nikampeleka mkoroshoni. Nikamwambia hapakuwa na moto juu, kulikuwa na ukimya. Akauliza wa muda gani. Nikamweleza habari ya saa na makofi.

"Nipigie na mimi."

Nikapiga la kwanza. Akafumba macho, mkono wake umeshika shina. Nikahesabu kimoyomoyo, nikapiga la pili.