Kutafuta makopo Karura: simu hukufikisha, jicho humalizia

Kosa linaloharibu Jumamosi za wengi wanaotafuta kwa GPS ya simu makopo yaliyofichwa katika Msitu wa Karura, Nairobi, hutokea mezani, kabla hata hujavaa viatu. Ni kusahau herufi S, ya kusini, kwenye nambari za mahali. Nairobi iko kusini mwa ikweta, na programu kadhaa huweka N, ya kaskazini, bila kukuuliza. Ukiandika latitudo ya Karura, digrii 1 na dakika 14, ukaacha N ikae, mshale utakuelekeza karibu kilomita 275 kaskazini, pande za Maralal kule Samburu.

Hilo walau linajianika lenyewe. Baya zaidi ni kuchanganya namna mbili za kuandika mahali. S 01° 14.500' maana yake ni digrii 1 na dakika 14 na nusu. Anayeiingiza kama 1.145 amejitupa zaidi ya kilomita 10, maana dakika 14.5 ni digrii 0.2417. Ukiona mshale unakuonyesha Kiambu na wewe umeshalipia kiingilio Karura, rudi kwenye nambari kwanza.

Kwa mgeni: mchezo huu, uitwao geocaching, ulianza tarehe 3 Mei 2000, siku moja tu baada ya Marekani kuondoa hitilafu iliyokuwa ikiwekwa makusudi kwenye mawimbi ya GPS ya raia. Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza mahali ilipo. Leo mtu huficha kopo lenye kijitabu, huweka nambari za mahali lilipo kwenye tovuti ya Geocaching, nawe hulitafuta, huandika jina na tarehe, kisha hulirudisha palepale. Ukichukua kitu ndani, weka kingine cha thamani hiyo au zaidi.

Kuishi karibu na ikweta kuna faida ndogo tamu. Hapa elfu moja ya dakika ni kama mita 1.85, iwe latitudo au longitudo. Ulaya longitudo husinyaa kadiri unavyopanda kaskazini, hesabu zikawa mbili. Kwetu ni moja: tarakimu ya mwisho ikitofautiana kwa 5, uko mita 9 kando. Fanya kichwani, usisubiri mshale utulie.

Maana hautatulia. Uwanjani simu nzuri hukosea mita 3 hadi 5. Chini ya miti iliyofungamana, hasa majani yakiwa yameloa, mawimbi hufifia na mengine hufika yakiwa yamegonga vigogo kwanza. Mita 10 au 15 si ajabu. Kwenye bonde la maporomoko ya maji ni vibaya zaidi kwa sababu kuta za mwamba hurudisha mawimbi. Wengi hapo huanza kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, wakifuata mshale unaogeuka kila hatua.

Fanya hivi badala yake. Ukiwa mita 30 kutoka mahali panapodaiwa, simama kama nusu dakika, simu ukiishika mbali na kifua. Angalia mwelekeo, chagua mti au jiwe lililo kwenye mstari huo. Sogea upande mwingine, rudia. Kisha wa tatu. Mistari itakatana katika eneo dogo, na hapo ndipo simu iingie mfukoni. Dira ya simu ikionekana kulewa, izungushe hewani kwa umbo la 8 mara chache. Ramani ipakue ukiwa nyumbani: GPS yenyewe haihitaji bando, picha ya ramani ndiyo huihitaji.

Sasa jiulize: kama ningekuwa na kopo la lita moja mkononi, hapa ningelificha wapi? Tafuta kisicho cha msitu. Vijiti vitano vilivyolala sambamba havikuangushwa na upepo. Jiwe lenye ukoga wa kijani upande wa chini limegeuzwa. Kabla ya kutia mkono kwenye tundu, tia fimbo, na uiache humo kidogo; nyoka wapo. Suruali ndefu ni lazima kwa ajili ya thabai, ule mmea unaowasha, na baada ya mvua tazama unaposimama, kwani siafu hawapigi hodi.

Kuficha ndiko kunakohitaji akili zaidi. Karura ina hekta 1,041 na njia za zaidi ya kilomita 50, kwa hiyo mtu hutamani kupanga makopo kama vituo vya matatu. Kwanza omba ruhusa kwa wasimamizi wa msitu. Mchezo wenyewe unaidai. Halafu kumbuka kwamba makopo mawili yasikaribiane chini ya mita 161, na hizo hupimwa kwa mstari ulionyooka, si kwa hatua zako. Njia za Karura hupinda. Umetembea mita 300, unajipongeza, kumbe kopo la kwanza liko mita 90 nyuma ya kichaka. Pima kwenye ramani kabla ya kubeba kitu.

Ushauri wetu: usijaze. Tumia vibao vya nambari vilivyo kwenye njia panda: mtafutaji avisome kwanza ndipo apate nambari za kopo moja la mwisho. Hatua ya kusoma kibao haihesabiwi katika zile mita 161 kwa kuwa hakuna kopo pale. Mfano: kopo la mwisho liko S 01° 14.3A2' na E 036° 49.6B7', A na B zikitoka kwenye vibao viwili. Kama A ni 8 na B ni 1, jumla ya tarakimu zote ni 55; iandike hiyo 55 kwenye maelezo ili mtu ajipime kabla ya kutembea kilomita 3 bure. Vibao hubadilishwa, kwa hiyo pita uvikague.

Kopo lenyewe liwe la plastiki ngumu inayoonyesha ndani, lenye vifungo vinne na mpira kwenye kifuniko. Chembe moja ya mchanga kwenye mpira ule inatosha kuingiza maji. Pangusa kwa kidole kila unapofunga. Weka penseli, si kalamu: wino hutapakaa unyevu ukiingia. Ushauri wa ng'ambo wa kufunga kijitabu kwa mfuko mwembamba wa plastiki sahau, kwani tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi, misitu ikiwemo. Kijikopo kidogo ndani ya kikubwa kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Peremende, sabuni ya kunukia, chochote chenye harufu, hapana. Mbega atakupuuza, ila kima atalifungua na kutawanya kila kitu.

Masanduku ya chuma ya risasi, yanayopendwa sana kwingine, na mabomba yaliyozungushiwa tepu, yaache kabisa. Karura imepakana na Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa na balozi, na kifurushi kisichoeleweka pale hakichukuliwi kwa mzaha. Andika juu ya kopo kwa Kiswahili na Kiingereza kwamba ni la mchezo, uonyeshe na msimbo wake wa Geocaching. Kaa mbali na ua wa umeme.

Usichimbe, usipige msumari mtini. Usifiche nyuma ya gome la mkaratusi: gome hubambuka lenyewe, na isitoshe mikaratusi huvunwa ili miti ya asili ichukue nafasi. Mapangoni usiweke, ni mahali pa historia, kuna popo, na mawimbi hayafiki. Chini ya daraja, mvua ya Aprili italibeba. Mita 2 hadi 5 kutoka njiani zinatosha. Ukilipeleka mita 20, baada ya wageni kumi nyasi zilizokanyagwa zitakuwa njia mpya, na kila mpita njia atajua pa kwenda.

Nambari zichukue mara tatu kwa siku tofauti, asubuhi na mchana, halafu tafuta wastani. Kidokezo kifupi kinatosha. Programu hukificha kwa kubadilisha herufi, A ikawa N, kwa hiyo "mzizi" huonekana kama "zmvmv".

Ukitafuta ukakosa, andika umekosa. Wengi huona haya, wakanyamaza, na mwenye kopo haendi kukagua kwa sababu hajui. Kosa kubwa kuliko hilo ni kudondosha kopo jipya ukidhani la zamani limepotea: sasa yako mawili, na kijitabu cha kweli kinakaa bila kuguswa, mita sita kutoka ulipokuwa umesimama.